Sura Zetu Ndani ya Mashini ya Fundi

Hapa Kasongo mutu akifa, wenye kilio wananiletea karte yake ya uchaguzi. Wengi wetu hatuna picha nyingine. Mutu ameishi maisha yake yote akilima muhogo na mupunga, amezaa, amezeeka, na sura yake imepigwa mara moja tu, siku ya kuandikisha wapiga kura, akiwa amechoka na foleni, macho yamemutoka kama mutu aliyeitwa mbele ya hakimu. Mimi ninaipiga picha ile karte, ninaiingiza ndani ya ordinatere, mashini yangu ya kompyuta, ninafuta muhuri uliopita juu ya shavu, kisha ninakata kichwa pale shingoni na kukiweka juu ya koti. Wanaume wanapata koti la buluu na tai nyekundu. Wanawake wanapata blauzi ya manjano na kilemba. Ninachapisha kubwa, watu wanabandika juu ya ubao, na marehemu anakaa mbele ya wageni akiwa safi kuliko alivyowahi kuwa safi.

Ni kazi kama kazi nyingine, na inanilisha. Shule niliachia mwaka wa ine wa primeri, baba aliposema inatosha, kaka zangu waendelee. Ordinatere nilifunzwa na proje moja ya musaada iliyokuja kwa ajili ya wanawake waliokimbia vita. Proje ilitufunza, ikatupiga picha tukitabasamu, ikatuachia kila mumoja mashini yake, ikaondoka. Programu zilizokuwa ndani zilimalizika muda mara tu gari lao lilipovuka muto. Ndipo nikaanza kumutegemea fundi wa ordinatere wa hapa mujini.

Mimi si mutu wa Kasongo kwa kuzaliwa. Kijiji chetu kiko upande wa Kabambare. Unapita Wamaza kwa pikipiki, halafu njia inakataa pikipiki na unaendelea kwa miguu. Kilichomwa asubuhi ya siku ya soko. Majina ya waliokichoma siandiki, maana watoto wao hawakunikosea kitu. Lakini kazi zao nitazitaja. Aliyewaongoza alikuwa muuza chumvi, tulikuwa tunamupikia bugali akipita. Aliyewaonyesha njia ya nyuma, ile ya mutoni ambako tulikimbilia, ni kapita wetu mwenyewe, kiongozi wa kijiji, na mpaka leo yungali kapita. Waliokaa na bunduki zao wakisikiliza ni askari wa serikali, na walikuwa karibu kiasi cha kusikia majogoo yetu. Waliowalipia wote risasi ni wanunuzi wa dhahabu, na hao siku hizi wamejenga Kasongo nyumba za bati jipya, wananipita asubuhi na kuniambia, "Mama, uliamuka?" Niliamuka, ndiyo. Mume wangu hakuamuka, wala dada yangu mudogo.

Kilio cha watu wetu hakikuwahi kumalizwa. Kwetu kilio kina mwanzo wake na kina siku yake ya mwisho, siku ya kunyoa nywele, kuoga mutoni na kula pamoja. Kabla ya siku hiyo mujane anabaki mujane, shamba la marehemu haligawanywi, na wakubwa wa ukoo hawawezi kukaa kusema juu ya ndoa ya mutu yeyote. Sisi tulikuwa tumekaa hivyo, tumening'inia, tangu kijiji kichomwe. Shida yetu ilikuwa moja. Kumaliza kilio kunafanyika kaburini, na sisi makaburi hatuna. Waliobaki mule ndani walichomwa pamoja na nyumba.

Mwishowe wale tuliobaki tukakubaliana kwamba sura zitakaa mahali pa makaburi. Mimi ndiye nilikuwa na sura. Miaka yote ile, kila mutu wa kwetu aliyepita Kasongo nilimuuliza, "Uko na karte ya nani?" Mumoja alikuwa ameficha ya kaka yake ndani ya pindo la kikwembe, mwingine ya mama yake ndani ya kitabu cha nyimbo. Nilizipiga picha zote. Karte zenyewe baadaye zilioza kwa unyevu, au zilichukuliwa siku ya kugawa karte mpya. Sura zikabaki mahali pamoja duniani, ndani ya mashini yangu. Siku ya kumaliza kilio ikapangwa, kiangazi, kabla ya watu kuanza kuchoma mashamba.

Siku chache baada ya kupanga, niliwasha mashini ikaniandikia maneno badala ya kufunguka. Ilikuwa inadai neno la siri, na si lile langu. Nikaibeba mpaka kwa fundi.

Huyu fundi namutaja kama ninavyowataja wengine. Ni kijana wa mujini, kiatu chake kinang'aa hata siku za mvua, amesoma Kindu. Kila mutu wa Kasongo mwenye ordinatere amepita mikononi mwake. Programu anazoweka ni za kulipia, lakini yeye amezipata kwa njia ya dirishani, na kila baada ya muda zinagundua kwamba zimeibwa, zinagoma, na lazima umurudie. Alinigeuzia mashini hivi na hivi, hata hakuiwasha.

"Mama, hii imekufa ndani. Dawa yake ni kuformate."

"Kuformate ni kufanya nini?"

"Kufuta vyote. Inakuwa kama mutoto muchanga."

"Na sura za watu wangu?"

Akacheka kwa pua. "Mama, si hao walisha kufa?"

Nilijifunza zamani kwamba mutu akisema neno kama lile, ukinyamaza ataendelea kusema mpaka atoe lililo chini. Akaendelea.

"Ao tufanye hivi. Mashini ikae hapa kwangu. Weye unakuja hapa, unafanyia kazi hapa, wateja wako wanakuja hapa. Mimi naifungua asubuhi, naifunga jioni. Sura zako zinabaki salama."

"Unaifungua na nini, kama imekufa?"

Alijua ameteleza. Akaanza kusema maneno mengi ya Kifaransa. Nikachukua mashini yangu, nikaifunga ndani ya kikwembe, nikaondoka. Njiani niliongea peke yangu kama mwenda wazimu. Mimi nilisimama kwenye bariere za watu wenye silaha nikiomba ruhusa ya kupita kwenda kwenye muhogo niliopanda mwenyewe. Sasa nije kuomba ruhusa kila asubuhi ili nimuone mume wangu? Hapana. Hata kama itabidi niende nayo mpaka Bujumbura kwa miguu.

Haikufika huko. Mwenye pikipiki anayeniletea karatasi aliniambia kuna mwanamuke Salamabila, anaweka nyimbo na filamu ndani ya simu za wachimba dhahabu, na mashini zake hazigomi. "Eti anatumia kitu cha bure," akasema. "Mafundi wote wanamuchukia." Neno la mwisho ndilo lililonipandisha juu ya pikipiki.

Mashini niliiacha imefungwa sandukuni. Kusafiri nayo kwenye njia ile ni kuwagawia watu wa bariere. Tulipita Wamaza, tulipita njia panda ya kwetu, sikugeuza kichwa. Salamabila tulifika tukiwa wekundu kwa vumbi, hata kope.

Kibanda cha yule mama kilikuwa katikati ya wauza beleshi na wauza bia. Ni mwanamuke mupana, Muislamu wa zile jamaa za zamani za Kasongo, ushungi umemukaa vizuri, mikono imejaa wino na mafuta ya mandazi. Wachimbaji walikuwa wamejipanga na simu zao, na yeye anawasema mumoja mumoja.

"Weye! Kadi yako iko na magonjwa kuliko weye mwenyewe. Unalala nayo wapi?"

"Mama, weka tu nyimbo."

"Naweka. Kwangu magonjwa yako hayashiki. Nenda kayapeleke kwa mafundi."

Jioni alipopumua nikamueleza habari yangu yote. Alisikiliza akikaanga, hakunipa pole. Nilimushukuru kwa hilo. Pole nimepewa nyingi, ningeweza kufungua duka.

"Dada," akasema, "fundi wako si mjinga. Amekufungia mulango kwa neno lake. Lakini amefunga mulango wa mbele tu. Vitu viko ndani, havijafutwa. Tunaingia na nyumba yetu wenyewe."

Akanionyesha kle, ile flashi ndogo ya kuchomeka ubavuni. Ndani yake kulikuwa na sisteme nzima, ile inayoendesha mashini. Aliichomeka kwenye mashini yake, akaiwasha huku akibonyeza kitufe kimoja cha juu, na mashini ikaamuka kutoka ndani ya kle, si kutoka tumboni mwake.

"Hii inaitwa Linux."

"Bei?"

"Haina bei."

"Kitu kisicho na bei ni mutego. Nimeona vya bure mimi. Maproje yalikuja na bure, wanasiasa walikuja na bure."

"Na ile ya fundi ilikuwa na bei. Ilikufanyia nini?"

Nikasogea karibu na mashini yake.

"Walioitengeneza hii," akasema, "ni watu wengi, kila mutu kwao. Wameacha iko wazi. Mwenye macho aangalie ndani. Mwenye jirani amupe. Hakuna wa kukupigia mulango kukuambia muda umekwisha. Ni kama mbegu ya muhogo, dada. Unakata kipande cha muti wako, unamupa mwenzako, wako haupungui."

Hilo nililielewa. Kwetu hakuna mutu anayeuza vipande vya muhogo vya kupanda. Unaomba, unapewa, mwakani unamupa mwingine, na mutu anayekunyima tunamusema mpaka anahama.

Nilikaa kwake nikijifunza. Sitadanganya, ilikuwa ngumu. Programu ya picha ilikuwa nyingine, mukasi wa kukatia sura uko upande mwingine, majina mengine, kila nilichokuwa nakifanya kwa vidole bila kufikiri sasa nilikitafuta kama mutu aliyehamishiwa vyungu jikoni. Nilikata sikio la mutu, nilifuta pua ya mutu. Yule mama alikuwa anapita nyuma yangu na kusema, "Huyo umemuua mara ya pili. Rudi nyuma." Na programu ile inakubali kurudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka pua inarudi. Nilikasirika, nikatoka nje, nikarudi. Kukimbia vita na watoto mugongoni hakukuniua, haitaniua programu.

Siku ya kuondoka alinipa kle yangu. Lakini kwanza aliifunika na ngozi nyeusi, akaishona pande zote kwa uzi mwekundu, akaweka kamba ya shingoni. Ilikuwa hirizi kabisa.

"Vijana wa bariere wananyang'anya kle zote," akasema. "Wanataka nyimbo. Hii hawataigusa. Mashariti ya dawa yao yanawakataza kugusa dawa ya mutu mwingine."

"Na weye Muislamu, unashona hirizi?"

"Mungu anaona ndani ni plastiki."

Kwenye bariere, kabla ya Wamaza, walikuwa vijana na majani vichwani, macho mekundu, bunduki za zamani. Hao pia nawataja: kazi yao ni kusema wanalinda wenyeji, na kuishi kwa sabuni ya wenyeji. Walichukua sabuni yangu, walichukua chumvi. Mumoja akaona kamba.

"Ni nini iko mu ile ngozi?"

"Ni ya wafu wangu," nikasema. Nilisema kweli.

"Inafanya nini?"

"Inafungua kilichofungwa."

Nikapiga hatua moja kumusogelea, kama mutu anayetaka kumuonyesha vizuri. Akaruka nyuma mpaka akakanyaga mwenzake.

"Usinikaribiye! Mama, pita! Pita na muzigo wako!"

Mwenzake akaanza kumucheka. "Kumbe weye risasi hazikuingii, mama muzee ndiye anakuingia?" Wakabaki wakigombana, na sisi tukapita. Tulipovuka muto wa pili, mwenye pikipiki akaniuliza, kwa heshima kabisa, kama kweli ilikuwa hirizi.

Nyumbani nilifunga mulango, nikakata uzi, nikachomeka. Nilibonyeza kitufe kama nilivyofunzwa. Mara ya kwanza mashini ikaniletea tena maneno ya fundi. Nikazima, nikabonyeza mapema zaidi, ikakubali. Ikaniletea maneno mawili ya Kifaransa, moja ni la kujaribu, moja ni la kuweka kabisa na kufuta vya zamani. Yule mama alikuwa amenikaririsha kama katekisimu: "Usiguse la pili mpaka umetoa watu wako." Nilisoma lile la kwanza kwa kidole, herufi moja moja, kabla ya kugusa.

Nikaingia. Nikafungua tumbo la mashini. Sura zote zilikuwa pale, zimejipanga, na macho yao ya mbele ya hakimu. Hakuna kilichokuwa kimekufa ndani. Dada yangu alikuwa pale, na kovu lake la nyusi. Mume wangu alikuwa pale na singleti iliyotoboka begani, ile niliyomuambia asiende nayo siku ya kupigwa karte, akasema serikali haiangalii mabega. Nilikaa nao kidogo. Halafu nikafanya kazi. Nikawatoa wote, nikawaweka kwenye kle na kwenye simu, nikahesabu sura kwa majina kama tulivyokuwa tunahesabiana tukitoka porini. Ndipo nikarudi kwenye lile neno la pili, nikaligusa kwa mukono wangu. Sisteme ya fundi ikafutika, na neno lake la siri likaenda nayo.

Fundi alisikia. Kasongo neno halilali. Akaanza kusema sokoni kwamba mashini ya yule mama wa Kabambare ina majini, kwamba inatumia sisteme ya wezi wa mutandao. Wateja wengine walipungua. Mumoja alinijia na karte ya baba yake akauliza mulangoni, bila kuingia, "Mama, ni kweli picha zinatoka bila ruhusa?" Nikamuambia, "Ndiyo. Baba yako anahitaji ruhusa ya nani?" Akaingia.

Lakini fundi alikuwa na kitu kimoja alichonipokonya kweli, na sikukifikiria mpaka watu wa kwetu walipokuja kuona sura. Makoti. Lile koti la buluu na tai nyekundu, ile blauzi ya manjano, vyote vilikuwa ndani ya programu yake, na vilikwenda nayo. Watu wakakaa juu ya mikeka uani kwangu, nikawaonyesha sura kama zilivyo.

Muzee mumoja, kaka mukubwa wa mume wangu, ndiye mutu mukali kuliko wote tuliobaki nao. Alikuja amevaa koti lake la kila siku, la kahawia, limekosa kifungo kimoja, mufuko umeshonwa kwa uzi wa nyavu. Akaangalia mashini, akapiga ulimi.

"Mudogo wangu atasimama mbele ya watu na singleti?"

"Ndivyo alivyopigwa."

"Weye unavalisha Kasongo nzima makoti. Watu wako mwenyewe uchi!"

"Makoti yalikuwa ya fundi, shemeji. Siendi kumuomba."

"Basi kilio kisubiri."

Wengine wakaitika. Bora kisubiri kuliko aibu. Niliona siku ile inateleza, na nikajua ikiteleza mara hii haitarudi, maana waliobaki wanazeeka na wengine tayari wanasahau majina. Nikasimama.

"Muniletee koti. Koti la kweli. Nitalipiga picha, na litawavaa."

"Litundikwe ukutani?" mwanamuke mumoja akauliza. "Koti bila mutu linaanguka kama popo."

Alisema kweli. Koti linataka mabega. Ili niweke sura ya marehemu juu ya koti, ni lazima mutu muzima alivae, nimupige picha, halafu nimukate kichwa pale shingoni na kuweka kichwa cha mufu. Nililisema hivyo hivyo, sikulipamba. Walio mbele wakashika shingo zao. Kwetu hatukalii kiti cha marehemu kilio hakijaisha, hatumuiti jina usiku, na mimi nilikuwa naomba mutu aazime mufu shingo yake.

"Nikatwe kichwa nisiyekufa?" shemeji akasema. "Mashini yako inataka kumalizia kazi ya muuza chumvi?"

Hapo hapo akaingia mujumbe wa kapita. Alibeba koti jeusi ndani ya plastiki, jipya, la kitambaa kizito. Akasema kapita, anayekaa hapa Kasongo siku hizi, amesikia kwa fundi kwamba makoti yetu yamefutika, anatoa koti lake la sherehe, na kama tunataka yeye mwenyewe atakaa kupigwa picha, mabega yake yatoshe kwa wanaume wote.

Nilikuwa nafungua kinywa, lakini shemeji alinitangulia. Alikuwa amesimama, na sikumbuki nimemuona akisimama kwa haraka vile.

"Rudisha," akamuambia mujumbe. "Mwambie kapita mabega yake tunayajua. Tuliyaona mutoni, mbele, akionyesha njia. Mudogo wangu hatayavaa."

Mujumbe akaanza, "Lakini baba, kapita anataka amani..."

"Rudisha koti, mutoto wangu. Weye hujakosa."

Akaondoka nalo. Shemeji alibaki wima, anapumua. Halafu akavuta kiti changu cha plastiki mpaka kwenye ukuta wenye mwanga, akakaa, akafunga vile vifungo vilivyobaki.

"Wao walichukuliwa pamoja na miili yao," akasema. "Mimi wakaniachia wangu. Waazime basi. Piga."

Nilimupiga. Picha ya kwanza haikutulia, nikamupiga tena. Niliingiza picha mashinini mbele ya macho ya wote, nikamukata pale shingoni, na watu wakashika midomo. Nikaweka kichwa cha mume wangu. Nilisogeza, nikapunguza, nikalainisha pale kola inapokutana na ngozi. Bega moja la shemeji liko chini kidogo kwa sababu ya mizigo ya ujana wake. Sasa lilikuwa la mume wangu. Wale wawili walikuwa wanafanana siku zote, lakini sijawahi kuona walivyofanana kiasi kile.

Mwanamuke aliyesema habari ya popo akatoa sauti nyembamba, kisha akafuta uso na kikwembe. "Mimi nitamuvalia mama yangu," akasema. "Blauzi hii hii. Yeye ndiye aliyenichagulia kitambaa." Baada yake hawakungoja kuitwa. Walijipanga kama kwenye foleni ya karte. Kila mutu alimuvalia mutu wake, na asiye na ndugu aliyebaki akavaliwa na jirani. Waliondoa mikufu, waliazimana vilemba, waligombana. "Usikae hivyo, mama hakuwa na kifua cha hivyo!" "Basi kaa weye!" Jua lilizunguka na kiti kikazunguka nalo ukutani.

Kuchapisha kulinitesa. Mashini ya kuchapisha ilitoa kwanza karatasi zenye mistari tu, na fundi angefurahi kuziona. Nilisoma, niliuliza kwa simu Salamabila, nilitukanwa kwa upendo, nikabadilisha kitu kimoja, ikakubali. Dada yangu alitoka wa kwanza, kilemba cha mutu mwingine, kovu lake mwenyewe.

Tulimaliza kilio kijijini, pale penyewe, majani yamefunika misingi ya nyumba. Mbao tulizisimamisha kila moja mahali pa mulango wa mutu. Tulinyolewa, tulioga mutoni, kwenye maji yale yale. Watu walipita mbele ya sura wakiwasalimia, halafu wanageuka kumutafuta aliyewaazima mabega, wanamugusa, kama kuhakikisha. Kapita hakuja. Muuza chumvi simujui aliko. Wanunuzi wa dhahabu walituma mifuko ya muchele, na mwanamuke wa popo aliwagawia watu wa njiani wasiokuwa wa kwetu.

Wakati wa kula, shemeji alinijia na sahani yake mukononi, kichwa kimenyolewa kinang'aa.

"Kichwa changu ulikipeleka wapi?"

"Kipo, shemeji. Nilikata nakala tu. Picha yako iko nzima ndani."

"Nionyeshe."

Mashini nilikuja nayo, kwa ajili ya wale waliotaka picha ndogo za kurudi nazo. Niliifungua juu ya mapaja. Alikuwa pale, juu ya kiti cha plastiki, amekunja uso, koti limekosa kifungo, na kichwa chake juu yake. Alijiangalia muda murefu akitafuna.

"Hiyo nayo ichapishe," akasema. "Kubwa kama zao. Siku yangu ikifika nisije kuazimwa mabega na mutu. Lakini kwanza nitaitundika nyumbani mimi mwenyewe, nikiwa naiona."

Nikaichapisha tuliporudi Kasongo. Alikuja kuichukua kwa miguu, akaibeba kichwani, akapita nayo mbele ya duka la fundi.